Stempu za Wayahudi na sisi watu wa Karagwe

Nilipotea kidogo, majaribio yalitubana, halafu zile kazi za vikundi ambazo watu saba wanaandika majina na anayefanya ni mmoja, mnazijua. Leo sisemi habari za bumu wala foleni ya kantini. Nataka tuongee stempu. Ndiyo, stempu, vile vikaratasi vyenye meno pembeni ambavyo mdogo wangu wa kidato cha pili hajawahi kulamba hata kimoja maisha yake yote.

Wako watu duniani wanaokusanya stempu zenye habari za Wayahudi tu. Na wana vyama kabisa. Kule Marekani kuna chama cha wakusanyaji wa stempu za Israeli kilichoanza mwaka 1948, mwaka uleule nchi ilipotangazwa. Mtu wa namna hii hapangi albamu yake kwa nchi, anaipanga kwa mada. Sinagogi lililochorwa kwenye stempu ya Ulaya linaingia. Anne Frank anaingia (Ujerumani Magharibi ilimtoa 1979, Uholanzi 1980, Israeli yenyewe 1988). Einstein naye anaingia, awe ametolewa na Israeli mwaka 1956 au na Ghana ya Nkrumah mwaka 1964. Sasa utaniuliza, wewe mtoto wa Kinyambo kutoka Isingiro unatafuta nini huko? Subiri kidogo.

Kwenye kozi yetu ya historia tulitakiwa kutafuta chanzo cha historia ambacho si kitabu na si masimulizi. Wenzangu wengi walikimbilia majengo ya Wajerumani na makaburi. Mimi nikakumbuka daftari la mzee mmoja jirani yetu kule nyumbani. Kabla sijaendelea niseme kwamba Isingiro zipo mbili. Ipo ya kwetu, wilaya ya Kyerwa, jirani na Kaisho, ambayo kabla ya wilaya kugawanywa tulikuwa tunasema tu Karagwe. Na ipo wilaya ya Isingiro ya Uganda, ng'ambo ya mto Kagera, unavuka Murongo unatokea Kikagati. Barua zikikosewa anwani zilikuwa zinatembea kweli kweli.

Mzee huyu alikuwa karani wa chama cha ushirika wa kahawa. Miaka ya 1960 alipelekwa Tel Aviv kwa miezi kadhaa kusomea mambo ya ushirika. Msishangae. Mwaka 1960 shirikisho la wafanyakazi la Israeli, Histadrut, lilifungua chuo pale Tel Aviv kwa ajili ya watu wa Afrika na Asia, wasome ushirika na vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1961 kikafunguliwa kingine Haifa, mlima Karmeli, kwa ajili ya wanawake hasa. Tanganyika ilikuwa mteja mzuri. JKT yetu ilipoanzishwa mwaka 1963, Waisraeli walikuwepo kwenye kuipanga, kwa mfano wa kikosi chao kinachochanganya bunduki na jembe. Kwa hiyo karani wa kahawa kutoka Karagwe kukaa darasani Tel Aviv haikuwa ajabu kama inavyosikika leo.

Aliporudi aliendelea kuandikiana na mwalimu wake wa huko. Stempu za barua hizo zimo kwenye daftari la hesabu la mraba, thelathini na moja nimezihesabu, zimebandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo! Mkusanyaji wa Ulaya akiona atazimia, maana stempu iliyobandikwa hivyo thamani yake inakwisha. Lakini babu hakuwa anauza. Kila stempu ameandika pembeni tarehe barua ilipofika, kwa mwandiko ule wa shule za misheni ulioinama kulia. Tarehe ya mwisho ni Agosti 1973.

Oktoba 1973, vita vya Mashariki ya Kati vilipopiganwa, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli, kama zilivyofanya nchi nyingi za Afrika wakati ule. Haukurudi mpaka 1995. Nilimuuliza, "Babu, nani alikukataza kuandika?" Akasema hakuna aliyemkataza. "Lakini wewe karani wa ushirika, mwanachama wa TANU, utaenda posta na bahasha ya Israeli uipeleke dirishani?" Ikaishia hapo. Miaka ishirini na miwili ni mingi, na baadaye hakujua kama yule mwalimu yu hai.

Basi kazi yangu ya kozi ikaanzia hapo, ikatoka nje ya mstari kabisa, na ndiyo maana naandika huku.

Kitu cha kwanza alichonionyesha kinachonifurahisha mpaka leo ni kwamba stempu za Israeli zina jina la nchi kwa maandishi matatu, ya Kiebrania, ya Kiarabu na ya Kilatini. Lakini stempu za kwanza kabisa, zilizotoka tarehe 16 Mei 1948, hazina neno Israeli. Zilichorwa na Otte Wallish, zilikuwa za thamani tisa tofauti, zina picha za sarafu za kale za Wayahudi, na zimeandikwa Doar Ivri, maana yake posta ya Kiebrania. Sababu ni kwamba zilichapwa kwa siri kabla nchi haijatangazwa, na waliochapa hawakujua nchi itaitwaje! Fikiria unashona jezi kabla timu haijapata jina.

Hata hizo zilichelewa kidogo. Waingereza walikuwa wameshafunga huduma za posta, kwa hiyo mwanzoni mwa Mei 1948 barua zilipita kwa lebo za mfuko wa kununulia ardhi, Keren Kayemet, zikiwa zimegongwa chapa ya posta juu yake. Mfuko huo ulianzishwa mwaka 1901 kwenye mkutano wa Wazayuni pale Basel, Uswisi, na lebo zake zikaanza kutoka mwaka uliofuata. Kwa kawaida zilikuwa za kuchangisha hela tu, unabandika kwenye bahasha pembeni ya stempu halisi. Wakusanyaji wenye msimamo mkali wanasema lebo si stempu. Mimi naona kama barua imefika, basi hiyo ni stempu, tusibishane.

Sasa tusogee huku kwetu. Lebo zile za mwanzo ni za miaka ileile ambayo Afrika Mashariki iliingizwa kwenye habari hii bila kuulizwa. Mwaka 1903 Waingereza, kupitia waziri wao wa makoloni Joseph Chamberlain, walimpa Theodor Herzl wazo la kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki. Vitabu vinauita mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, leo Kenya, upande wa Eldoret. Jina la Uganda lilibaki kwa sababu jimbo lile lilikuwa upande wa Uganda mpaka mwaka 1902, mipaka ilipohamishwa. Agosti 1903 mkutano wa sita wa Basel ulipiga kura, 295 wakakubali watu watumwe kwenda kuangalia, 178 wakakataa. Hasa Wayahudi wa Urusi, ambao ndio walikuwa wanauawa kwenye ghasia, ndio waliokataa zaidi, wakitaka Palestina tu. Herzl akafa Julai 1904. Watu watatu wakatumwa, wakatembea Uasin Gishu mwishoni mwa 1904 na mwanzoni mwa 1905, wakarudi na taarifa isiyovutia, na mkutano wa 1905 ukaliweka wazo pembeni.

Israeli ilimtoa Herzl kwenye stempu mwaka 1960, miaka mia moja tangu kuzaliwa kwake. Kwa mkusanyaji wa Ulaya hiyo ni stempu ya Israeli. Kwangu mimi ni stempu ya Afrika Mashariki pia. Na katika kura zote zile za Basel hakuna Mnandi wala Mmasai aliyeulizwa kuhusu ardhi yake. Hilo halimo kwenye stempu yoyote niliyowahi kuiona.

Wa pili ni mtu aliyepita kabisa kwetu. Emin Pasha. Mnamjua kama yule aliyeanzisha kituo cha Bukoba, Novemba 1890. Jina lake la kuzaliwa ni Isaak Eduard Schnitzer, alizaliwa mwaka 1840 Oppeln, Silesia, katika familia ya Kiyahudi. Baba alifariki, mama akaolewa tena, mtoto akabatizwa Mlutheri. Akasomea udaktari, akaenda kufanya kazi kwa Waturuki, akachukua jina la Kiislamu, akawa gavana wa Ikweta kule kusini mwa Sudan. Mwaka 1889 Stanley alipokuja "kumwokoa" (mwenyewe hakuwa na haraka ya kuokolewa) msafara wao ulitoka Ankole, ukavuka Kagera, ukaingia Karagwe mwezi Julai. Walipiga kambi Mtagata, pale kwenye chemchemi za maji moto ambako watu wetu wanaenda kuoga mpaka leo wakiwa na maradhi ya ngozi na viungo. Mwaka 1891 akapita tena Karagwe, Kafuro, safari hii akiwa mtumishi wa Wajerumani, akielekea magharibi. Aliuawa Kongo Oktoba 1892. Stempu za Kijerumani zilizogongwa thamani ya pesa kwa ajili ya koloni letu zilianza 1893, kwa hiyo hakuzitumia.

Sasa swali linalogombanisha wakusanyaji: mtu kama huyu anaingia kwenye albamu ya Wayahudi? Kazaliwa Myahudi, kabatizwa Mkristo, kaishi kama Mwislamu, kafa akiwa Mjerumani. Wengine wanasema damu inatosha. Wengine wanasema awe alijiita hivyo mwenyewe. Mimi nasema kama damu inatosha basi na Hitler angekubali kipimo hicho, ndicho alichokitumia, kwa hiyo tuwe waangalifu. Ningemweka kwenye ukurasa wa Bukoba, basi.

Ukitaka kinyume chake mtazame Semei Kakungulu, upande wa Mbale, Uganda. Huyu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, wakamwangusha, akasoma Biblia mwenyewe, na mwaka 1919 akaamua yeye na watu wake ni Wayahudi. Wakajitahiri, wakashika Sabato. Ndio Abayudaya, wapo mpaka leo. Hakuna damu hapo, kuna uamuzi tu.

Idi Amin aliwazuia Abayudaya kuabudu. Na Amin watu wa Kagera hatuhitaji kusimuliwa. Mwaka 1972 aliwafukuza Waisraeli, watu walewale waliowahi kuwafundisha wanajeshi wake. Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa ikapelekwa Entebbe, abiria Waisraeli na Wayahudi wengine wakatengwa na wenzao, na usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wakaja kuwachukua. Mmoja hakuwepo uwanjani. Dora Bloch, mama wa zaidi ya miaka 70, alikuwa amepelekwa hospitali Mulago. Watu wa Amin walimtoa pale wakamuua. Mabaki yake hayakupatikana mpaka 1979.

Kwa nini 1979? Kwa sababu Oktoba 1978 Amin alivuka akaiteka ardhi yetu ya kaskazini ya mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na JWTZ ikajibu mpaka Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Ukitoka Bukoba kwenda Karagwe unafika Kyaka ndipo barabara yetu inachepuka. Wanajeshi waliopita pale ndio waliofungua njia mpaka familia ya yule mama ikapata mwili wa kuzika. Mwaka huohuo Uganda ilichukua stempu zilizochapwa enzi za Amin ikazigonga juu maneno UGANDA LIBERATED 1979, yaani Uganda imekombolewa. Babu anazo mbili, moja haina meno upande mmoja. Mada ya Kiyahudi hazina hata kidogo, zina picha za kawaida tu. Lakini ningekuwa mimi napanga albamu hiyo, ningeziweka ukurasa wa Dora Bloch, na mkusanyaji yeyote aje tubishane.

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza. Kisha nikakutana na seti ya mwaka 2011 na ndiyo iliyoninyima usingizi.

Machi 2011 nchi tatu za Afrika Magharibi, yaani Liberia, Sierra Leone na Gambia, zilitoa kwa pamoja stempu za Wayahudi kumi na wawili waliopigana na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Sierra Leone iliwatoa Ray Alexander Simons, Yetta Barenblatt, Baruch Hirson na Norma Kitson. Liberia iliwatoa Helen Suzman, Eli Weinberg, na mtu na mkewe, Hymie na Esther Barsel. Gambia iliwatoa Ruth First, Ronald Segal, na wale wawili Rusty na Hilda Bernstein. Suzman mnamjua, mbunge aliyekaa peke yake bungeni kwa chama chake miaka kumi na mitatu akiwapigia kelele makaburu. Segal ndiye aliyemvusha Oliver Tambo mpakani kwa gari mwaka 1960.

Lakini tazama Eli Weinberg. Alizaliwa Latvia mwaka 1908, akaenda Afrika Kusini akiwa kijana, akawa mtu wa vyama vya wafanyakazi, akapigwa marufuku, akaamua kuishi kwa kamera. Ile picha ya Mandela kijana, kifua wazi, shanga pana shingoni, anatazama pembeni, ambayo iko kwenye fulana na kalenda za nusu ya mabweni yetu hapa? Ni ya Eli Weinberg, mwaka 1961, Mandela akiwa amejificha. Miaka hiyohiyo ya 60 akafungwa. Mwaka 1976 akatoroka nchi. Na alifia wapi? Dar es Salaam, mwaka 1981. Hapa hapa mjini! Nimepanda daladala za mji huu karibu miaka mitatu sasa, sijawahi kusikia jina lake hata darasani, na sura yake nimeipata kwenye stempu ya Liberia.

Na Ruth First. Huyu alifundisha kwa muda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, kabla ya kwenda Maputo, Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane. Tarehe 17 Agosti 1982, ofisini kwake chuoni, alifungua bahasha iliyokuwa imetumwa kwake. Ilikuwa bomu, kazi ya polisi wa makaburu. Aliyekuwa jasusi wao, Craig Williamson, baadaye alikiri kuhusika, na mwaka 2000 akapewa msamaha na tume ya ukweli. Mama aliyeuawa kwa kutumiwa barua, leo sura yake ni ya kubandika kwenye barua. Sijui waliochagua stempu walilifikiria hilo. Nililikalia maktaba mpaka taa zikazimwa.

Nisiwafiche upande mwingine, maana mhadhiri wetu aliniuliza na ni haki. Stempu hizi zilitayarishwa na wakala wa New York, Inter-Governmental Philatelic Corporation, anayezichapia nchi nyingi za Afrika na visiwa vya Karibi stempu za kuwauzia wakusanyaji. Ni biashara. Nchi inapata chochote, wakala anapata chake, na bibi wa kijijini Gambia huenda hajaiona wala hataiona. Sisi wenyewe Tanzania miaka ya 1990 tulitoa stempu za Elvis Presley na za dinosaria, sasa Elvis na Posta yetu wapi na wapi? Mwenzangu mmoja darasani alisema basi seti ile ya 2011 ni uongo. Sikukubaliana naye. Pesa ndiyo iliyoichapa, sawa, lakini watu kumi na wawili waliomo ni wa kweli, na wawili kati yao walikanyaga mji huu. Kinachoniuma ni kwamba ilibidi sura zao zipitie Monrovia na Banjul kwa mkono wa New York ndipo zinifikie mimi niliyeko Dar, mjini alikofia mmoja wao.

Ray Alexander Simons naye alikuwa mzaliwa wa Latvia, akaishi uhamishoni Lusaka. Huyo nitamwandikia siku yake, ana mambo mengi ya vyama vya wafanyakazi wa viwanda vya chakula.

Sasa ombi, hasa kwa wanaotoka Kagera. Kama nyumbani kuna bahasha za zamani, za ushirika, za misheni, za mjomba aliyesoma nje kabla ya 1973, tafadhali msibandue stempu. Wacheni bahasha nzima. Stempu ikibanduliwa inabaki picha tu, lakini bahasha ina muhuri wa posta ya kutoka na ya kufika, ina tarehe, ina jina la chama au shule, na mara nyingine ina alama ya mkaguzi aliyeifungua. Daftari la babu lingekuwa na uzito mara kumi kama angehifadhi bahasha, isipokuwa kwamba aliandika tarehe, na tarehe zimeokoa mengi. Mkiwa nazo zipigeni picha pande zote mbili, muiweke bahasha kwenye karatasi kavu, mbali na moshi wa jikoni na mchwa. Likizo nitapita Kayanga kwa wazee wawili wa ushirika ambao babu amenielekeza.

Naishia hapa, kesho saa moja kamili asubuhi nina semina ya saikolojia ya elimu na sijasoma hata ukurasa.